Orijino au ya kawaida? Historia fupi ya soketi feki, kutoka London hadi Eldoret

Leo naweka kando mambo ya programu na seva, tuzungumze juu ya kitu ambacho bila yeye hata kompyuta haiwaki: ule umeme ulio ukutani. Na hasa vile vitu vidogo vinavyoushika umeme huo, yaani soketi, plagi, waya, fyuzi na breka.

Ukiingia duka la hadiwea hapa Eldoret, iwe ni Uganda Road au kule Langas, ukaomba soketi, mara nyingi utaulizwa hivi: "Unataka orijino au ya kawaida?" Swali lenyewe huulizwa kwa upole, kama vile mtu anavyoulizwa kama anataka chai ya maziwa au strungi. Hakuna anayeshtuka. Lakini hebu fikiria kidogo. Kama kuna orijino, basi hiyo "ya kawaida" ni nini? Na ilikuwaje feki ikapewa jina la kawaida?

Swali hilo lina historia ndefu. Nitajaribu kuifupisha.

Mwanzo: moto ulitangulia, sheria ikafuata

Umeme ulipoanza kuingia majumbani Ulaya na Marekani miaka ya 1880, watu waliuogopa, na walikuwa na sababu. Waya zilifunikwa kwa pamba na vitambaa. Kila fundi alifunga anavyojua yeye. Mwaka 1882 chama cha wahandisi wa simu za maandishi na umeme kule London kilitoa kanuni za kwanza za kuzuia hatari za moto kutokana na taa za umeme. Kanuni hizo ndizo mama wa kanuni za kufunga umeme ambazo baadaye zilisafiri na Waingereza hadi kwetu.

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, taa za umeme kila upande, na kampuni za bima zikaingiwa na wasiwasi. Zikamtuma kijana mmoja mhandisi, William Henry Merrill, akague. Mwaka 1894 akaanzisha maabara ya kupima vifaa, ambayo leo inajulikana kama UL. Angalia vizuri nani alikuwa analipa: ni watu wa bima, wale ambao nyumba ikiungua wao ndio wanaotoa pesa. Kwa hiyo chapa ya ubora ilizaliwa kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye pesa aliyeumia moto ulipowaka. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Plagi ya miguu mitatu

Plagi tunayotumia Kenya, ile ya miguu mitatu ya bapa, ni mtoto wa Vita Vikuu vya Pili. Uingereza ilijua kwamba vita vikiisha italazimika kujenga nyumba nyingi sana, na shaba ilikuwa adimu. Kamati iliundwa, na ndani yake alikuwemo mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa usalama wa umeme nyumbani. Ripoti ilitoka 1944, na kiwango cha plagi hiyo, BS 1363, kikatangazwa 1947.

Ili kuokoa shaba, walipendekeza waya uzunguke nyumba kama pete, soketi zote zikiwa kwenye pete hiyo, na pete nzima ilindwe na fyuzi moja kubwa ya ampea 30. Hapo kuna tatizo. Waya mwembamba wa taa ya mezani unabeba ampea 3 tu. Ukipata hitilafu, fyuzi ya ampea 30 haitajali, waya utaungua kwanza. Suluhisho lao likawa kuweka fyuzi ndogo ndani ya kila plagi. Mguu wa juu nao, ule wa ethi, ukafanywa mrefu ili uingie kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, mtoto asiingize msumari.

Kwa hiyo fyuzi ndani ya plagi haikuwekwa kama pambo. Mfumo mzima unaitegemea. Plagi feki ambayo haina fyuzi, au yenye fyuzi ambayo ni kipande cha chuma tu ndani ya kikombe kidogo, inauacha ule waya mwembamba ukilindwa na breka ya ampea 32 iliyo kwenye kisanduku. Kwa volti 240, hizo ni zaidi ya wati 7,600 kupita kwenye waya wa taa kabla breka haijashtuka. Ndio maana plagi feki ni mbaya zaidi kwetu kuliko katika nchi ambazo plagi zao hazikuundwa kuwa na fyuzi.

Na sisi Wakenya tuna tabia yetu. Plagi ya miguu miwili haiingii? Tunachukua kalamu, tunaisukuma kwenye tundu la ethi, vifuniko vinafunguka, tunaichomeka. Yaani kazi yote ya kamati ya 1944 imeondolewa kwa kalamu ya shilingi chache.

Stima yafika Sitini na Nne

Historia ya Kenya Power, kama kampuni yenyewe inavyoisimulia, huanzia Zanzibar kwa Sultani Barghash, aliyenunua jenereta ya kuangaza jumba lake mwaka 1875. Mwaka 1908 mitambo hiyo ikahamia Mombasa chini ya kampuni ya umeme ya huko, na mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Hizo mbili ziliungana 1922 zikawa East African Power and Lighting.

Eldoret wakati huo ilikuwa bado changa. Posta ilifunguliwa 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo sababu wazee mpaka leo wanaita mji huu Sisibo. Reli ilifika 1924. Miaka ya 1950 ulijengwa mtambo mdogo wa maji kwenye mto Sosiani, wenye nguvu ya kilowati 400 tu. Ukitaka kujua 400 ni ngapi, chukua shawa za umeme 73 za wati 5,500, uziwashe kwa pamoja: mtambo wote umekwisha. Lakini 1954 bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa, na laini ya kupeleka umeme wa Uganda hadi Nairobi ikavutwa kutoka Tororo kupitia Lessos, jirani yetu. Baadaye, 1991, Turkwel nayo ikaunganishwa Lessos. Hivi ndivyo kona hii yetu ilivyogeuka njia panda ya umeme.

Enzi hizo nyumba zenye stima zilikuwa chache, na waagizaji wa vifaa wachache. Vitu vilikuwa ghali, na wengi wa Waafrika mjini hawakuwa na umeme kabisa, kwa hiyo tusiimbe sifa za zamani. Ila mnyororo ulikuwa mfupi. Soketi ikiungua, ungeweza kufuata nyayo zake hadi dukani, hadi kwa mwagizaji, hadi kiwandani.

Milango yafunguliwa

Mwaka 1993 Kenya iliondoa vibali vya kuagiza bidhaa, na udhibiti wa fedha za kigeni nao ukaondolewa. Ghafla mfanyabiashara wa kawaida aliweza kupanda ndege hadi Dubai, akanunua, akarudi na mzigo. Baadaye wakaijua Guangzhou na Yiwu. Eldoret ikapata uwanja wake wa ndege wa kimataifa 1997, na uwanja huo ukajulikana zaidi kwa ndege za mizigo kuliko za abiria. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba nayo inapita katikati ya mji.

Sisemi biashara hiyo ilikuwa mbaya. Iliwapa wengi redio ya kwanza, simu ya kwanza, na hata balbu ya bei wanayoiweza. Lakini mnyororo ukawa mrefu. Kati ya kiwanda na ukuta wa chumba chako kukawa na wakala, msafirishaji, muuzaji wa jumla, muuzaji wa rejareja, kontrakta na fundi. Kila mmoja akibana shilingi chache, mwisho wa mnyororo kunabaki soketi yenye bati pale palipotakiwa kuwa shaba.

Kisha wateja wakaongezeka kwa kasi ya ajabu. Kenya Power ilikuwa na wateja kama milioni 1 mwaka 2008. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile na kushusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kufikia 2023 wateja walikuwa zaidi ya milioni 9. Hilo ni jambo kubwa na la kujivunia. Lakini fanya hesabu ya upande wa pili: kila mteja mpya ni nyumba inayohitaji waya, swichi, soketi na breka, zote zinunuliwe haraka na kwa bei ya chini. Ada ya kuunganishwa ilipunguzwa, lakini hakuna aliyepunguza bei ya shaba.

Hesabu ya moto ukutani

Hapa sasa tufanye hesabu kidogo, mimi napenda mambo yenye namba. Joto ndani ya waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Tuchukue shawa ya umeme, maana Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari na Julai hakuna anayetaka kuoga maji baridi. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23.

Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba una ukinzani wa kama omu 4.6 kwa kilomita. Kila mita ya waya huo inatoa joto la wati 2.4. Hakuna shida. Sasa tuseme maandishi juu ya waya yanasema 4, lakini ndani ni 2.5. Joto linapanda hadi wati 3.9 kwa mita. Na kama hata hiyo 2.5 si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba juu, tunafika karibu wati 6. Ni zaidi ya mara mbili, ndani ya bomba la plastiki, ndani ya plasta, mahali usipoona wala kugusa. Plastiki ya waya inazeeka, inakuwa ngumu, inapasuka. Si leo wala kesho. Labda mwaka wa tatu, wakati aliyefunga ameshahamia kazi nyingine.

Mbaya zaidi ni viungo. Soketi au swichi feki ina vibano vya chuma chembamba ambavyo hulegea. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 23 kinatoa wati 53 za joto mahali padogo kama punje ya hindi. Na je, breka itakata? Haitakata. Ukinzani huo umepunguza mkondo kwa asilimia 1 tu, kwa hiyo breka inaona kila kitu ni shwari. Hata breka halisi ya bei ghali haioni. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani breka nzuri inatosha kufunika ubaya wa vitu vingine.

Sasa ongeza breka feki. Breka halisi ina ukanda wa metali mbili unaopinda ukipata joto, na koili ya sumaku ya kukata mara moja kukiwa na shoti. Feki inaweza kuwa na springi na kitufe tu. Ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka vizuri kabisa, lakini siku ya shoti haitaruka. Katika programu tungesema ni funkisheni ambayo jibu lake daima ni "sawa", haijali umeiuliza nini.

Na kwa shawa kuna hatari nyingine ya moto na maji pamoja. Katika nyingi ya shawa hizi, waya wa kupashia joto unagusa maji yenyewe. Kinachokulinda ni ethi, na kile kifaa kinachokata stima ikivuja kidogo, kwa kawaida miliampea 30, ambacho mafundi hukiita RCD. Plagi au waya feki usio na ethi ya kweli unamwacha anayeoga akiwa yeye ndiye ethi.

Sheria inamlinda nani?

Kenya haikukaa kimya. Shirika la viwango, KEBS, lilianzishwa 1974. Mwaka 2005 ukaja utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia, na wakala wa kuisimamia, ambaye sasa ni mamlaka kamili, akaanza kazi 2010. KEBS na mamlaka hiyo zote zina ofisi hapa Eldoret.

Lakini soma sheria ya 2008 kwa makini. Bidhaa bandia, kwa sheria hiyo, ni ile inayoiga haki ya mwenye jina bila ruhusa yake. Anayelindwa kwanza ni mwenye chapa. Mahakama Kuu iliuona ugumu wa tafsiri hiyo Aprili 2012, katika kesi ya wagonjwa wa Ukimwi walioogopa kwamba dawa halali za bei nafuu zingeitwa bandia. Mahakama ilisema haki ya uhai ya mgonjwa ina uzito kuliko haki ya mwenye hataza.

Kwenye umeme tatizo limegeuka. Soketi mbovu yenye jina lake yenyewe, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, haimuibii mtu yeyote. Si bandia. Ni duni tu, na hiyo ni kazi ya sheria ya viwango. Lakini kwa mtu aliyelala, moshi ni ule ule. Kwa hiyo tunaposema "feki" madukani tunachanganya mambo mawili: kuiba jina, na kuhatarisha maisha. La kwanza lina mwenye jina wa kulilalamikia, tena ana mawakili. La pili anayeumia mara nyingi ni mpangaji.

Na hapo tunarudi kwa Merrill na bima. Kule Chicago waliolipa hasara ndio waliodai vipimo. Kwetu mwenye nyumba ya kupangisha ndiye anayechagua waya, fundi ndiye anayeufunga, na mpangaji ndiye anayelala chini yake. Aliyechagua hayuko ndani usiku. Aliye ndani hakuulizwa, na vyombo vyake kwa kawaida havina bima. Mfumo wowote ambao anayeokoa pesa si yule anayebeba hatari utazalisha soketi za "kawaida" kila siku, hata ukiteketeza makontena mangapi.

SMS kwenda 20023

Kama mtu wa kompyuta, nilifurahi KEBS walipoleta njia ya kuhakiki kwa simu. Unaandika SM#, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora, unatuma kwenda 20023, unapata jibu kuhusu kibali hicho. Tumieni, ni jambo jema.

Ila mjue mpaka wake. Namba ile ni ya bidhaa na kiwanda, si ya kipande kimoja ulichoshika. Mtu akinakili namba halali na kuichapa kwenye visanduku 10,000 vya feki, jibu la SMS bado litasema kibali ni halali, na litakuwa limesema ukweli! Ni kama mtu aliyeiba neno la siri: seva inamfungulia kwa sababu neno ni sahihi. Kwenye dawa, mPedigree kutoka Ghana na Sproxil kule Nigeria walitatua hili kwa kuweka namba tofauti kwenye kila pakiti, unakwangua unatuma, na namba iliyokwisha kutumika inajulikana. Kwetu KRA imeweka stempu za kuhakikiwa kwenye pombe na sigara tangu 2013. Chupa ya pombe inaweza kufuatiliwa hivyo kwa sababu ndani yake kuna kodi. Breka yenye maisha ya watu ndani yake je?

Cha kufanya leo

Kwanza, beba sumaku ndogo ukienda dukani. Miguu ya plagi inapaswa kuwa shaba nyeupe, sumaku isiinase. Ikinasa, rudisha. Pili, tazama mguu wa ethi: plastiki inafunika sehemu ya miguu miwili ya chini tu. Ukiiona kwenye mguu wa juu pia, hiyo plagi imetengenezwa na mtu asiyejua, maana plastiki hiyo inaweza kuizuia ethi kugusana. Tatu, kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Nne, fungua plagi uone kama fyuzi ipo kweli. Tano, soketi ikiwa ya moto, ikinuka plastiki au ikibadilika rangi, izime kutoka kwenye breka na uite fundi mwenye leseni ya EPRA. Usingoje mwisho wa mwezi.

Na wewe unayetafuta nyumba, siku ya kuangalia chumba usiulize tu kama maji hutoka na kama mita ya tokeni ni yako peke yako. Uliza nani alifunga stima, lini, na cheti kiko wapi. Tazama kama kisandukuni kuna RCD. Wapangaji kumi wakiuliza swali hilo kwa mwenye nyumba mmoja, ataenda kumuuliza kontrakta wake. Kontrakta atamuuliza mwenye hadiwea. Na labda siku moja yule wa hadiwea atakapouliza "orijino au ya kawaida", mteja atamjibu: kumbe hiyo nyingine unaiuza ya nini?

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye programu.